KULALA MWALONI SI HASARA

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu



 Wapo waliotuanza safari hii nao na leo hawapo. Naomba tusimame dakika moja tuwakumbuke.

Ahsanteni. Tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2015 na akina mama 30, tukiwa tumejigawa katika makundi ya watu watano watano wanaodhaminiana. Hisa ilikuwa shilingi 1,000. Kisanduku chetu kilikuwa na kufuli tatu, na funguo walishika watu watatu tofauti. Mambo ya hesabu sitayarudia, maana Katibu ameshayasoma kwenye risala na yote yamo ndani ya kitabu hiki. Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, na nimeombwa kuzungumza jambo moja tu ambalo nimelijua kwa kulipitia. Jambo lenyewe ni safari za usiku ziwani, hasa kwenye maji tusiyoyazoea.

Pengine mtu atauliza, kikundi cha kuweka na kukopa kina uhusiano gani na mitumbwi? Jamani, sisi wa Mwanza biashara yetu ni dagaa. Dagaa wako visiwani. Mkopo ukitoka kwenye kisanduku unapanda mtumbwi, na mwenye mkopo anapanda nao. Kwa hiyo usalama wa mtumbwi ndio usalama wa kisanduku, na zaidi ya kisanduku ni usalama wa mama wa watu.

YALIYOTUPATA MWAKA 2017

Wanachama wa zamani mnaijua habari hii. Wapya mmeisikia vipande vipande. Leo nataka niiseme yote, na iandikwe.

Mwezi Novemba mwaka 2017, wenzetu saba walikwenda kisiwa kimoja cha mbali kununua dagaa. Huko hawakuwa wamezoea. Siku zote tulikuwa tukinunua visiwa vya karibu, lakini mwaka ule bei ilikuwa imepanda, wakaambiwa kule mbali ni nafuu. Walinunua vizuri. Jumapili jioni mzigo ukawa tayari, na wenyeji wakawaambia, "Mama zetu, laleni, mwende alfajiri." Hawakulala. Saa mbili usiku wakapanda.

Kwa nini hawakulala? Hapo ndipo panaponiuma. Mkutano wetu wakati ule ulikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi, na siku ile ilikuwa siku ya marejesho. Anayechelewa alipigwa faini shilingi 2,000, na kundi lake la watu watano lote likatazamwa kwa jicho baya. Sheria ile niliisimamia mimi mwenyewe. Nilikuwa nasema, "Kikundi bila nidhamu ni kijiwe."

Nahodha waliyempata alikuwa kijana mgeni, ametoka upande mwingine wa ziwa. Mtumbwi ulijaa magunia hadi juu, na wao wakakaa juu ya magunia. Maboya ya kujiokolea yalikuwemo manne, yamefungwa mbele chini ya mzigo. Taa ya mtumbwi haikuwepo, ila tochi ya simu.

Kwenye saa saba usiku upepo ukabadilika, radi zikaanza, mvua ikaja. Nahodha akaona taa nyingi zimepangana kwa mbali. Akasema, "Ule ni mwalo, tukimbilie pale." Wakaelekea. Kumbe haukuwa mwalo. Zilikuwa karabai za wavuvi wa dagaa zikielea katikati ya maji. Kabla hawajazifikia, panga la injini likanasa kwenye nyavu zilizotegwa, injini ikazima. Mtumbwi ukageuka ubavu kwenye mawimbi. Magunia yakalowa, yakawa mazito. Wimbi la tatu likaujaza.

Wengine walishika mtumbwi uliopinduka, wengine madumu matupu ya mafuta. Wavuvi wale wa karabai ndio waliowaokoa kulipopambazuka. Walitoka sita na nahodha. Wa saba alikuwa amevaa koti zito na vitenge viwili, na pesa amefunga kiunoni. Wenzake wanasema alikuwa akizungumza nao muda mrefu gizani, akiwatia moyo. Kisha wakaona kimya.

Sisi huku hatukujua. Jumatatu saa tatu nilifungua mkutano. Nikaita majina. Saba hawapo. Nikamwambia Katibu aandike faini, shilingi 2,000 mara saba, shilingi 14,000. Habari zilitufikia saa tano. Daftari lile lipo mpaka leo. Nilikataa ukurasa ule usichanwe wala kufutwa.

Binti yake leo ni mwanachama wetu. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa, akaniambia, "Mama, sema."

ZIWA NI MOJA LAKINI MAJI SI YALEYALE

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ziwa Victoria lina kiasi cha kilomita za mraba 68,800. Sisi tunasema "ziwa letu", lakini ukweli ni kwamba tunajua ghuba yetu na visiwa viwili vitatu. Anayejua njia ya Ukerewe haijui njia ya Goziba. Kila mahali pana miamba yake na upepo wake. Ukitoka kwenye maji uliyoyazoea, hesabu kwamba umeingia ziwa lingine.

Hata maji uliyoyazoea hubadilika. Mwezi Mei 2020 kina cha ziwa letu kilipanda kupita kile cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, na mwaka 2024 kikapanda tena zaidi. Mialo ilifunikwa. Visiki vya miti, kuta za mabanda na gati za zamani vikabaki chini ya maji, havionekani. Aliyeujua mwalo fulani mwaka 2018 hakuujua tena mwaka 2020. Mchana unaweza kuona rangi ya maji imebadilika juu ya mwamba. Usiku huoni kitu.

Mwaka 2022 wenzetu wawili walikwenda Kigoma kutazama biashara ya dagaa wa Ziwa Tanganyika. Walikwenda na ujuzi wao wa Mwanza wakidhani maji ni maji. Mzee mmoja wa kule akawauliza, "Kwenu injini ikizima mnafanyaje?" Wakajibu, tunatupa nanga. Mzee akacheka. Ziwa Victoria wastani wa kina chake ni mita 40 tu, kwa hiyo mara nyingi kamba hufika chini. Ziwa Tanganyika mahali penye kina kirefu ni mita 1,470, na sehemu nyingi milima inashuka moja kwa moja ndani ya maji, ukienda kidogo tu kutoka ufukweni nanga haigusi chini. Utachukuliwa na upepo mpaka utakapokupeleka. Tena vijiji vingi vya kule havina barabara, njia ni maji, na vikiachana vimeachana kwa mlima na jiwe, si kila mahali unaweza kupandisha mtumbwi. Wenzetu walirudi na somo hilo, nami naona lilikuwa na faida kuliko gunia la dagaa.

KWA NINI USIKU NI HATARI ZAIDI KWENYE ZIWA LETU

Watu wengi hudhani usiku ni hatari kwa sababu ya giza peke yake. Iko sababu nyingine, na wavuvi wazee wanaijua.

Mchana jua linachoma nchi kavu kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvua za radi hunyesha huko milimani na vijijini. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto. Upepo sasa unatoka nchi kavu, kutoka pande zote za ziwa, unakwenda kukutana katikati. Ukikutana pale juu ya maji yenye joto, hewa inapanda na kufanya mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea usiku wa manane mpaka asubuhi, tena katikati ya maji, wakati wewe ufukweni umeona nyota tupu ukasema kumetulia. Wenzetu wale walipanda saa mbili kukiwa shwari kabisa. Saa saba walikuwa mahali penyewe kwa saa yenyewe.

Mchana nao hausamehe uzembe. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu walipotea. Mimi nilikuwa bado msichana, na nakumbuka vilio vya mji huu. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 mchana, karibu kabisa na gati ya Ukara, wakafa watu zaidi ya 220, na kilichosemwa sana ni kujaza watu kupita kiasi. Basi kama mzigo mkubwa unaua mchana, mbele ya macho ya watu walioko ufukweni, usiku utafanyaje?

KAMA NI LAZIMA KUSAFIRI

Ndugu zangu, sisemi usiku usiguswe kabisa. Mama mwenye uchungu wa kuzaa kisiwani hawezi kusubiri jua. Mtoto akishikwa na degedege hasubiri. Kwa hiyo nitasema tuliyojifunza kwa walionusurika, kwa wavuvi, na kwa mafunzo tuliyopata baadaye.

Kwanza, uliza kungali mchana. Usimuulize nahodha peke yake, kwa sababu yeye anataka nauli. Waulize akina mama wanaokaanga samaki mwaloni na wavuvi waliorudi asubuhi. Maswali ni manne. Miamba iko wapi? Nyavu zimetegwa wapi? Upepo wa siku hizi unaanza saa ngapi? Ukibadilika, pa kukimbilia ni wapi? Kama nahodha hajawahi kupita njia ile usiku, achukue mwenyeji wa kumwongoza. Hakuna mwenyeji, hakuna safari.

Pili, sikiliza utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari, na redio husoma. Halafu tumia macho yako. Usiku wingu jeusi hulioni, lakini utaona nyota zinapotea upande mmoja. Ukiona nyota za chini zimezimika upande fulani, ukaona radi zinawaka hata bila mngurumo, kisha upepo ukatulia ghafla au ukaja ubaridi wenye harufu ya mvua, rudi. Usiseme tumeshafika nusu.

Tatu, boya livaliwe kabla mtumbwi haujaondoka. Boya lililofungwa chini ya gunia ni mzigo kama mzigo mwingine. Kwenye maji gizani hutaweza kulitafuta wala kulivaa. Mtoto awe na boya la kimo chake. Na hapa nawaambia akina mama, mtoto asifungwe mgongoni kwa kitenge mkiwa ndani ya mtumbwi. Ukianguka ukaelea kifudifudi au chali, yeye atakuwa ndani ya maji na wewe huwezi kumfungua. Mpakate mbele akiwa na boya lake. Kama maboya hayatoshi, dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko barabara linaweza kumbeba mtu akilikumbatia. Dumu si boya, lakini liliwaokoa wenzetu.

Nne, mzigo. Dagaa wakavu ni wepesi, ndiyo maana tunajidanganya na kuwapanga juu kama ghorofa. Mtumbwi ukiwa mzito juu unapinduka upesi, na gunia likilowa uzito unaongezeka. Watu wakae chini, mzigo usizidi ubavu wa mtumbwi. Sisi kipimo chetu ni shibiri mbili. Ukiweka mkono nje ukakuta ubavu uliobaki juu ya maji haufiki shibiri mbili, shuka.

Tano, taa. Mtumbwi uwe na taa nyeupe inayoonekana pande zote, ili wakubwa wakuone. Vyombo vikubwa vina taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, fahamu kinakuja kukuelekea wewe, toka njiani upesi. Ukiona nyekundu peke yake, unaona ubavu wake wa kushoto. Jambo lingine, macho ya mtu huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na tochi moja ya simu ikimulika usoni kwa nahodha anaanza upya. Kwa hiyo akina mama, simu zizimwe. Habari za kutumiana ujumbe mtazimaliza nchi kavu. (Vicheko.) Mnacheka, lakini nahodha asiyeona ni sawa na sisi sote kufumba macho.

Sita, usifuate taa usiyoijua. Taa zilizopangana zinaweza kuwa kijiji, zinaweza kuwa karabai za dagaa. Wavuvi wa dagaa hutoka kwa wingi siku za giza, mwezi usipokuwepo, kwa hiyo usiku wa giza zaidi ndio wenye taa nyingi za kukudanganya. Kwenye taa zile kuna kamba na nyavu. Nyavu za sangara nazo hulala majini usiku kucha, na alama yake pengine ni kipande cha dumu tu. Maeneo yenye magugu maji ni hivyo hivyo, panga linanasa. Nenda polepole, na mtu mmoja akae mbele kazi yake iwe kutazama na kusikiliza tu. Mwamba usiouona unaweza kuusikia, maji yanapoupiga.

Saba, vifaa. Makasia mawili hata kama injini ni mpya. Plagi ya akiba na kisu cha kukata nyavu. Kopo la kuchotea maji yanayoingia. Kamba ndefu na nanga. Kama nanga haifiki chini, funga ndoo kwenye kamba uitupe kutoka mbele ya mtumbwi. Ndoo itajaa maji na kuuvuta mtumbwi uelekeze kichwa kwenye mawimbi badala ya ubavu. Filimbi kila mtu shingoni, maana sauti ya mtu huchoka upesi. Simu moja yenye chaji iwekwe ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Namba za bure za dharura ni 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Ila katikati ya ziwa mara nyingi mtandao haupo, usiitegemee simu peke yake.

Nane, acha majina nchi kavu. Mtu mmoja abaki na karatasi yenye majina yenu, mtumbwi gani, mmeondoka saa ngapi, mnatarajiwa saa ngapi, na akipita muda huo apige kelele. Mwaka 2017 hakuna aliyejua kama wenzetu wameondoka. Wa kisiwani walidhani wamefika, sisi tulidhani wamelala.

Tisa, mtumbwi ukipinduka usiuache. Mtumbwi wa mbao hauzami wote, na mwokoaji ataona mtumbwi kabla ya kuona kichwa chako. Usijaribu kuogelea kufuata taa, taa ya majini inaonekana karibu kumbe iko mbali. Vua koti na viatu vizito. Achia pesa. Shikamaneni, mkumbatiane mkae pamoja, magoti yakunjwe kama mmevaa maboya. Maji ya ziwa letu huwa kiasi cha nyuzi joto 25, na mwili wa mtu ni 37. Ukikaa saa nyingi yanakunyonya joto mpaka mikono inaachia yenyewe. Nadhani ndivyo alivyotuacha mwenzetu.

TULIYOAMUA NA YALIYOTUGHARIMU

Baada ya msiba ule tulikaa wiki tatu bila mkutano. Tulipokutana, tuliamua mambo manne.

Mkutano ulihamishwa kutoka Jumatatu asubuhi kwenda Jumatano saa tisa alasiri, ili mtu apate siku nzima ya kusafiri mchana. Mwanachama aliyelala mwaloni kwa sababu ya usiku au hali ya hewa hapigwi faini, na marejesho yake yanasubiri mkutano unaofuata. Mfuko wa jamii humkopesha pesa ya malazi na chakula bila riba. Na mkopo wa kikundi haununui mzigo wa kusafirishwa usiku. Mwaka uliofuata tukanunua maboya 12, ambayo mwanachama anaazima bure, na ukimwona mtu ameyakalia kama mto niambie. (Vicheko.)

Sitaki kudanganya mbele ya Mgeni Rasmi kwamba mambo yamekuwa mteremko. Sheria hii imetugharimu. Anayesafiri usiku anafika sokoni alfajiri, anauza kwa bei nzuri. Sisi tunafika mchana, wateja wakubwa wameshaondoka. Dagaa waliolala mwaloni mvua ikawapiga tumewauza kama chakula cha kuku. Wanachama watatu waliondoka kwa hasira, wakasema mwenyekiti ameugeuza msiba kuwa sheria. Labda ni kweli. Sikuwa na kitu kingine cha kuugeuza.

Lakini nahesabu na upande wa pili. Tangu Desemba 2017 hatujazika mwanachama aliyekufa majini. Mara mbili mitumbwi ambayo wenzetu walikataa kupanda ilipata matatizo, mmoja ukarudi umejaa maji, mwingine mzigo wote ukatupwa ziwani kuokoa watu. Hasara ya kulala inaandikika kwenye daftari, tunailipa kidogo kidogo inakwisha. Ile nyingine nimewaambia imeandikwaje, na hatujaweza kuilipa mpaka leo.

OMBI LANGU

Ndugu wanachama, mnajua kwenye mkutano mkuu wa mwezi ujao liko pendekezo la kuondoa sheria ya usiku. Walioleta ni vijana wetu, wana hoja, na wana haki. Wanasema sasa kuna injini nzuri, kuna simu za kuonyesha njia, kuna taa za umeme wa jua. Ni kweli, na vitu hivyo ni vizuri, vitumieni. Ila simu haionyeshi nyavu zilizotegwa jana. Injini nzuri inakufikisha haraka kwenye mwamba uleule. Na upepo wa usiku bado unakutana katikati ya ziwa kama ulivyokuwa ukikutana kabla sisi hatujazaliwa.

Wadogo zangu, mimi mwakani namaliza uenyekiti, sitagombea tena. Mkiona sheria irekebishwe, irekebisheni. Wekeni utaratibu wa nahodha mwenyeji, wa maboya, wa taa. Lakini nawaomba kifungu kimoja kibaki, kile cha kusema kwamba mama akisimama mwaloni usiku, akatazama mtumbwi, moyo wake ukakataa, basi aweze kusema "sipandi" bila kuogopa faini, bila kuogopa kundi lake, bila kuniogopa mimi wala atakayekuja baada yangu. Mwaka ule mama saba walisimama mwaloni. Walionusurika wameniambia kwamba angalau watatu moyo ulikataa. Walipanda kwa sababu ya Jumatatu saa tatu.

Kwa wafadhili na viongozi mliopo, ombi letu ni maboya ya watoto. Tunayo 12 ya watu wazima, ya watoto hakuna hata moja. Vilevile tunaomba mialo iwekewe taa moja ya kudumu mahali pa juu, ili nahodha mgeni ajue ule ni mwalo na si karabai.

Kwa wavuvi wa dagaa mliofika leo, na wawili nawaona wamekaa kule nyuma, mlikuwepo usiku ule. Mliacha nyavu zenu na samaki wenu mkawafuata watu msiowajua. Hatujawahi kuwashukuru hadharani. Simameni watu wawaone. (Makofi.)

 Chakula kiko tayari. Na wageni wetu wa kutoka visiwani msiwe na wasiwasi wa kukimbizana na jua, kikundi kimeandaa mahali pa kulala. Mtaondoka kesho kukipambazuka.